Ngeli za Halmashauri: Uainishaji wa Muda

Wanasarufi walipozidiwa na wingi wa nomino za Kiswahili, walizipanga katika ngeli wakapumua. Mimi nimezidiwa vivyo hivyo na halmashauri, manispaa na serikali za mikoa zilizounga mkono kuhalalisha ndoa za watu wa jinsia moja kabla nchi zao hazijaamua. Zimetapakaa kuanzia Colorado hadi Tokyo, na hakuna aliyejitokeza kuziwekea makabati. Nilijaribu kuzipanga kwa chama tawala, kisha kwa ukubwa wa bajeti, nikaishia kuchana karatasi. Kigezo kilichosalia ni kimoja tu: sheria ya ndoa hutungwa juu, mbali na diwani, basi huyu wa chini alikamata kitu gani kati ya vilivyomo ofisini mwake? Halmashauri haina sheria ya ndoa. Ina dirisha, fomu, muhuri na daftari.

Ngeli ya I-ZI, yaani bendera, haitatuchelewesha. Vielelezo vyake vimejaa Australia, ambako katiba imelikabidhi bunge la shirikisho suala la ndoa. Mwaka 2017, wananchi walipotumiwa karatasi za kura kwa posta na asilimia 61.6 wakajibu ndiyo, halmashauri nyingi zilikuwa zimeshapitisha maazimio na kupandisha bendera za upinde wa mvua. Hazikuwa na kazi kubwa zaidi katika jambo hilo. Bendera ikishapanda haihitaji idhini ya yeyote isipokuwa upepo.

Ngeli ya A-WA ni tajiri zaidi. Hapa halmashauri, ukiifunua, unakuta mtu mmoja. Kielelezo mama ni Clela Rorex, karani wa wilaya ya Boulder, Colorado, aliyekuwa na miezi michache tu kazini wanaume wawili walipofika dirishani kwake Machi 1975 kuomba leseni ya ndoa. Hakuwafukuza, wala hakuwahutubia. Aliuliza ofisi ya mwanasheria wa serikali wilayani, akajibiwa kwamba sheria za Colorado hazikuwa zimekataza waziwazi. Akatoa leseni. Alikuwa ametoa sita mwanasheria mkuu wa jimbo alipomsimamisha.

Katikati ya kazi hiyo akaja bwana mmoja na farasi jike aitwaye Dolly, akitaka leseni ya kumwoa, ili karani aone haya. Rorex alichukua fomu, akaanza kujaza. Alipofika penye umri aliambiwa Dolly ana miaka minane. Akaweka kalamu chini: bibi harusi hajafikisha umri, na hana idhini ya wazazi. Mwainishaji hana budi kusimama hapa kidogo. Kisarufi, farasi ni wa A-WA sawasawa na karani mwenyewe. Kwa hiyo ngeli haikumzuia. Kilichokwamisha harusi ni kisanduku cha umri. Wanaodharau fomu za serikali na waitafakari habari hii kwa makini.

Katika kundi hili pia yumo Gavin Newsom, aliyekuwa meya wa San Francisco, ambaye jiji lake lilianza kuozesha tarehe 12 Februari 2004 na kufikisha takriban jozi 4,000 za wenzi kabla ya kuzuiwa mwezi mmoja baadaye. Nakiri kwamba kielelezo hiki kina utata. Kwenye fomu za jiji, nafasi za bibi harusi na bwana harusi zilibadilishwa zikawa mwombaji wa kwanza na mwombaji wa pili. Sasa, aliyefanya mapinduzi ni meya (A-WA) au ni fomu (I-ZI)? Mahakama Kuu ya California haikupoteza muda na swali hilo. Agosti mwaka huo ilisema ofisa wa jiji hana mamlaka ya kuipuuza sheria kwa sababu tu anaiona inakiuka katiba, ikazibatilisha ndoa zote.

A-WA ndiyo ngeli pekee inayoweza kupewa adhabu ya kazi. Noël Mamère, meya wa Bègles karibu na Bordeaux, aliozesha wanaume wawili Juni 2004. Akasimamishwa umeya mwezi mzima, na ndoa ikafutwa mahakamani. Bendera haijawahi kusimamishwa kazi.

Ngeli ya KU- ni ya vitenzi-jina. Mwaka 2014 meya wa Roma, Ignazio Marino, alijua hawezi kuozesha, akachagua kunakili: aliandika kwenye daftari la jiji ndoa 16 za wenzi waliokuwa wameoana nje ya Italia. Serikali kuu nayo ikajibu kwa KU- yake, kufuta.

Ngeli ya KI-VI, ya cheti na vyeti, makao yake ni Japani. Mitaa ya Shibuya na Setagaya ya Tokyo ilianza kutoa vyeti vya wenzi wa jinsia moja siku moja, tarehe 5 Novemba 2015. Shibuya ilitunga kanuni kamili, ikataka nyaraka zilizothibitishwa na mthibitishaji. Setagaya iliridhika na kiapo mbele ya ofisa. Cheti hicho huweza kusaidia kupanga nyumba au kumwona mgonjwa hospitalini. Hakirithishi hata kikombe. Hata hivyo vimezaana: leo zaidi ya halmashauri 400 zina mpango wa namna hiyo, na bunge la taifa bado halijatunga sheria.

PA-KU-MU ni ya mahali. Mwishoni mwa 2009 wanaume wawili wa Argentina waliruhusiwa na jaji mmoja wa Buenos Aires kuoana na kuzuiwa na mwingine. Hapa haiwezekani; je, kule? Kule kulikuwa Ushuaia, ncha ya kusini kabisa ya nchi, ambako gavana wa Tierra del Fuego, Fabiana Ríos, alitoa amri waandikishwe. Waliandikishwa tarehe 28 Desemba, ambayo kwa Waargentina ni siku ya kudanganyana, kama ilivyo kwetu Aprili mosi. Sheria ya nchi nzima ilifuata Julai 2010.

Job Cohen ananisumbua. Akiwa naibu waziri wa sheria wa Uholanzi alisimamia utungaji wa sheria yenyewe. Kisha akawa meya wa Amsterdam, na usiku wa manane wa kuamkia tarehe 1 Aprili 2001 akaozesha jozi nne za mwanzo za wenzi. Ameshika daftari kwa mikono yote miwili, ya juu na ya chini. Nimemweka kwenye droo peke yake.

Limebaki sahihisho moja. Kati ya leseni sita za Boulder, moja ilichukuliwa na Mmarekani na mwenzake kutoka Australia. Idara ya uhamiaji iliwakatalia ombi lao la ukaazi mwaka 1975 kwa barua ya matusi. Mmarekani akafariki 2012. Baadaye mgane aliyebaki aliombwa radhi na idara hiyo, na mwaka 2016 akapewa ukaazi wa kudumu kwa ndoa ile ile, kwa leseni ile ile ya Rorex. Kilichodumu ni cheti, si karani; kwa hiyo nimekichukua kielelezo mama kutoka A-WA, na sasa kimo KI-VI.