Kwa Wahakiki Wetu Wakuu wa Fasihi

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Idara ya Taifa ya Ujasusi (NIS),
Nairobi.

Mheshimiwa,

KUH: KUPENDEKEZA IDARA YAKO ITUZWE KWA MCHANGO WAKE KATIKA FASIHI

Nimeiandika barua hii wazi, bila bahasha, ili vijana wako wasipate taabu ya kuifungua kwa mvuke na kuibandika tena. Kazi zao ni nyingi.

Wachapishaji wa Kenya wamelia miaka nenda miaka rudi kwamba nchi hii haisomi. Kitabu kikikosa kuingia kwenye orodha ya shule, hufia ghalani. Wamesahau kuwahesabu nyinyi. Nimepitia historia ya idara yako, tangu ilipoitwa Special Branch, ikawa DSI mwaka 1986, ikawa NSIS kwa sheria ya 1998, hadi ilipopata jina la sasa, na sijaona chama cha waandishi wala kitivo cha chuo kikuu kilichosoma mashairi, tamthilia na riwaya zetu kwa bidii kama yenu. Majina manne, miwani ileile.

Msingi mliurithi kwa mkoloni. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, Special Branch ya polisi ilipanuliwa haraka haraka, na mkuu wa idara ya ujasusi ya Uingereza, MI5, Percy Sillitoe, akafunga safari mwenyewe hadi Nairobi kutoa ushauri. Miongoni mwa waliozolewa mwaka huo ni Gakaara wa Wanjau, mtunzi na mchapishaji wa vitabu vya Kikuyu. Alizungushwa kwenye kambi za kizuizini, ikiwemo ile ya kisiwa cha Manda, Lamu, huku akiweka shajara. Shajara hiyo ilipotoka kitabu, ikashinda Tuzo ya Noma mwaka 1984. Miaka miwili baadaye akakamatwa tena, safari hii na serikali ya wananchi, akihusishwa na Mwakenya, kundi la siri la upinzani. Ni waandishi wangapi duniani waliosomwa kwa makini kiasi hicho na serikali mbili zilizokuwa zikichukiana?

Pwani nako hamkutusahau. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa wa miaka 22, alitoa kijikaratasi kilichouliza: "Kenya: Twendapi?" Serikali ya Mzee Kenyatta haikutaka kumwacha gizani, ikamjibu kwa vitendo: akaenda Kamiti, miaka mitatu, akifungiwa peke yake. Huko akatunga mashairi juu ya karatasi za chooni, yakatoka kwa jina Sauti ya Dhiki mwaka 1973. Mwaka uliofuata diwani hiyo ikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Jina moja lilikuwa juu ya serikali iliyomfunga na juu ya cheti cha pongezi, na sijasikia kwamba kuna aliyeona haya.

Alamin Mazrui aliandika Kilio cha Haki mwaka 1981. Mwaka 1982 akatiwa kizuizini bila kufunguliwa kesi, na matunda yake ni diwani ya Chembe cha Moyo. Mlimwingiza mwanatamthilia, mkamtoa mshairi. Ngũgĩ wa Thiong'o alichukuliwa nyumbani mwishoni mwa Desemba 1977 baada ya wakulima na vibarua wa kijiji cha Kamĩrĩĩthũ kucheza tamthilia aliyoiandika na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Akarudi na riwaya nzima, Caitaani Mũtharaba-inĩ, nayo imeandikwa kwenye karatasi za chooni. Wizara ya Elimu haijawahi kubuni ufadhili wa waandishi wenye mavuno kama hayo: chumba bure, chakula bure, wageni hakuna, na karatasi isiyokwisha.

Lakini kazi yenu iliyo bora kuliko zote ni ile ya Matigari. Hiyo peke yake ingetosha kuwapa tuzo.

Riwaya hiyo ilitoka kwa Kikuyu mwaka 1986, mwandishi akiwa uhamishoni London. Shujaa wake anatoka msituni, anafukia bunduki, anajifunga mshipi wa amani, kisha anazunguka nchini akimuuliza kila anayekutana naye ukweli na haki vinapatikana wapi. Ngũgĩ mwenyewe amesimulia yaliyofuata. Kufikia Januari 1987, ripoti za ujasusi zilisema kuna mtu aitwaye Matigari anayezungukazunguka Mkoa wa Kati akidai ukweli na haki, na wananchi wananong'ona habari zake. Amri ikatoka: akamatwe mara moja.

Nimejaribu kumwazia afisa aliyepewa faili hilo. Ameketi kwenye baa ya soko, amevaa koti la raia ambalo kila mlevi pale analijua. Meza ya pili mtu anasoma kwa sauti, kwa sababu ndivyo vitabu vya Ngũgĩ vilivyosomwa wakati huo: msomaji akimaliza glasi hunyamaza hadi anunuliwe nyingine. Afisa wetu anasikia Matigari amesema hivi, Matigari amepita kule, watoto wamemrushia mawe, amelala jela na amefunguliwa. Anaandika yote. Umri: makamo. Makazi: hayajulikani. Silaha: imefukiwa chini ya mti. Kosa: anauliza maswali. Ofisini mkubwa wake anapiga muhuri wa SIRI, karatasi inapanda ngazi, na hakuna hata mmoja njiani anayeuliza kama mtu huyu ana kitambulisho. Watunzi wote wa dunia hutamani mhusika wao aaminike. Ngũgĩ aliaminiwa na dola.

Ukweli ulipojulikana, mlifanya lile linalofanywa na mhakiki aliyeaibika: mkakihukumu kitabu. Februari 1987 polisi waliingia madukani na kuzoa kila nakala. Matigari ndiye mhusika wa kubuni pekee ninayemjua ambaye serikali yetu ilitoa amri akamatwe.

Sehemu inayofuata ya wasifu wenu siwezi kuiandika kwa kicheko kilekile. Miaka hiyohiyo, katika jumba la Nyayo, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway, maafisa wenu walikuwa wakiwashusha watu chini ya jengo wakiwa wamefungwa macho. Kuna vyumba vidogo visivyo na dirisha. Walionusurika wamesimulia mahakamani jinsi walivyovuliwa nguo, wakamwagiwa maji kwa mpira, kisha wakaachwa wasimame ndani ya maji hayo siku nzima, usiku kucha. Wakati wa mahojiano walipandishwa kwa lifti ghorofa za juu. Maswali yakiisha, lifti ikawarudisha majini. Wengi walipelekwa kortini saa za jioni, watu wa kawaida wameshaenda nyumbani, wakakiri bila wakili kwamba walisoma karatasi fulani, au walijua kuna aliyeisoma wasiripoti. Kusoma kulikuwa kosa la jinai, Mheshimiwa, na wasomaji wenye leseni mlikuwa nyinyi.

Mmoja wa walionusurika ni Wahome Mutahi, aliyeichekesha nchi nzima kila Jumapili kwa safu yake ya Whispers. Alipita kwenye vyumba vile mwaka 1986, kisha akafungwa miezi 15. Jengo bado lipo. Wakenya hupanga foleni humo kutafuta pasipoti, na wengi hawajui walichokikanyaga. Vyumba vilifunguliwa vikaonekana Februari 2003, mahakama zimeshaamuru serikali iwalipe fidia wengi wa waathirika, na madai yao kwamba pawe makumbusho wameyarudia mpaka sauti zimekauka.

Sasa najua kuna wivu fulani utakaotokea: washindani wenu watasema, kama macho ya idara hii ni makali hivyo, mbona mengine hayakuonekana? Wasiojua watataja Goldenberg. Kampuni hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1990, ililipwa na serikali mabilioni ya shilingi kama motisha ya kuuza nje dhahabu na almasi, katika nchi isiyo na mgodi wa almasi. Je, mkuu wa ujasusi, James Kanyotu, aliyekalia kiti hicho tangu 1965 hadi 1991 bila wananchi kuijua vizuri sura yake, hakuyaona hayo? Swali hilo ni la ukosefu wa adabu. Aliyaona vizuri sana: alikuwa mmoja wa wakurugenzi wa kampuni. Alifikishwa mahakamani mwaka 2006, akafariki 2008. Mshairi wa Mombasa kwa kijikaratasi kimoja alipata miaka mitatu; ni dhahiri kwamba wenye almasi hawakuwa na mtindo wa lugha uliovutia uhakiki wenu.

Nafurahi kwamba mapenzi ya sanaa hayajapoa serikalini. Aprili 2025, wasichana wa shule ya Butere walikwenda Nakuru kwenye tamasha la kitaifa la drama na mchezo wao, Echoes of War, wakiwa na amri ya Mahakama Kuu inayowaruhusu kuuigiza. Polisi wakarusha vitoa machozi. Wasichana wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka jukwaani. Najua polisi si nyinyi. Najua pia kwamba mwezi uliofuata Ngũgĩ alipofariki Marekani, wakubwa wa serikali walitoa rambirambi zenye Kiingereza kizuri.

Basi ombi langu. Kamati yoyote ya tuzo huomba kuona kazi ya mshindani, na kazi yenu imefungiwa. Ya mababu zenu wa kikoloni tumeiona nusu: mafaili mengine yalichomwa kabla ya bendera kupandishwa, mengine yakasafirishwa Uingereza, ambayo ilikiri mwaka 2011 kwamba imeyaficha Hanslope Park, na ilikiri kwa sababu wazee wa Mau Mau waliishtaki. Wajerumani tangu Januari 1992 wanaingia na kusoma mafaili waliyofunguliwa na Stasi, idara ya ujasusi ya iliyokuwa Ujerumani Mashariki. Sisi tuna ibara ya 35 ya Katiba, inayompa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Waliofuatiliwa kwa ajili ya Mwakenya, Kamĩrĩĩthũ na "Twendapi" wengine bado wako hai, na wamezeeka. Wafungulieni mafaili yao wayasome wenyewe, na warithi wa waliokufa wapewe ya wazee wao.

Na zile nakala za Matigari zilizozolewa madukani Februari 1987, kama mchwa hawajazimaliza, zirudisheni. Wasomaji wake wapo.

Wako mtiifu,
Msomaji mwenzako.