Sifa za Spika ya Soksi

Naomba nimsifie asiyesifiwa: spika ya muuza soksi iliyo chini ya dirisha langu, Kariakoo, hatua chache kutoka Mtaa wa Kongo. Mimi niko ghorofa ya sita, ngazi 108 kwenda juu. Nahesabu ngazi kwa sababu lifti haihesabiki.

Ni kispika kidogo cha plastiki, kimefungwa kwa mpira wa baiskeli kwenye mti wa mwamvuli. Kijana mwenye meza alirekodi sauti yake mara moja, nadhani siku hiyo alikuwa na mafua, na tangu hapo hajajisumbua kufungua mdomo. "Pea tatu buku mbili! Pea tatu buku mbili! Njoo ujichagulie!" Kisha kinaanza upya.

Nimefundisha shule ya msingi miaka 34, na mafao yangu karibu yote niliyamimina kwenye fleti hii, kwa hiyo najua thamani ya kurudia somo. Nilikaa barazani na saa yangu nikaipima spika. Sekunde sita. Yaani mara kumi kwa dakika, mara 600 kwa saa. Inaamka saa kumi na mbili asubuhi na kulala saa mbili usiku, saa 14 kamili, hivyo hurudia tangazo lake mara 8,400 kwa siku. Kwa mwaka, bila kuondoa Idi wala Krismasi maana haijawahi kuziondoa, ni mara 3,066,000. Sikilizeni sasa. Katika mara zote hizo haijawahi kusema pea mbili buku tatu. Haijawahi kusema bei hiyo ilikuwa ya mwezi uliopita. Haijawahi kumwambia mteja mwenye suti bei moja na mwenye kandambili bei nyingine. Haijasema pea ni tatu ila ukizihesabu utakuta mbili na nusu, kwa kuwa nusu iliyobaki ni sehemu ya pamoja ya wavaaji wote.

Sifa nyingine nitazitaja kwa haraka. Inaniamsha bure. Wageni kutoka kijijini waliokuja kukaa mwezi huondoka siku ya tatu. Mimi na mama watoto hatujagombana tangu tuhamie, kwani kila mmoja humwona tu mwenzake akichezesha midomo. Na mjukuu wetu, kabla hajajua kusema "shikamoo", alijua kuhesabu: pea tatu, buku mbili.

Jirani wa ghorofa ya tatu anataka tuishitaki. Amechapisha kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2015, kazipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Nimekataa kuwa shahidi wake. Kati ya wote walionitajia bei hapa Kariakoo, spika hii ndiyo pekee ambayo sijawahi kuikuta na neno la pili.

Maana niliponunua fleti, mwaka 2021, ofisi ya mwenye jengo ilinitajia bei kwa dola. Enzi hizo dola zilitajwa hadharani, serikali ilikuja kupiga marufuku mwaka 2025. Kila nilipokwenda kulipa awamu, shilingi ilikuwa imelegea na deni limenenepa. Kipeperushi kilisema mita za mraba 110. Nilipima kwa futi ya fundi nikapata 94. Dada wa mapokezi akanieleza kwa upole, "Baba, zile 16 ni ngazi na korido." Kumbe nimezinunua ngazi! Basi ndiyo maana nazitumia peke yangu.

Lifti ilifanya kazi siku ya makabidhiano. Ikampandisha mgeni rasmi, ikamshusha, ikastaafu. Ada ya huduma tunalipa kila mwezi, na kwenye risiti lifti imeandikwa kwanza. Kariakoo, tunaambiwa, jina lake limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Kila nikipanda na mtungi wa gesi begani naona kwamba mimi sikuhamia hapa, niliandikishwa.

Na hati? "Hati iko kwenye mchakato." Zaidi ya miaka minne sasa. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ipo tangu 2008, inayomruhusu mtu kuwa na hati ya fleti yake mwenyewe, wala haikuhitaji kwanza nizeeke zaidi.

Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka hapa Kariakoo, watu wakafa, wengine wakakaa siku kadhaa chini ya kifusi wakiitana na waokoaji. Siku zile spika yangu ilinyamaza. Nililala macho, nasikiliza kuta. Asubuhi nilikwenda ofisini kuuliza jambo moja tu: nani alikagua jengo letu, na karatasi yake iko wapi? Waliniletea soda. Nilikuwa nimewapa jasho la miaka 34, wakaniletea soda, na karatasi sijaiona hadi leo.

Nimetoka nje ya mada. Narudi kwenye spika.

Kasoro yake ni moja, betri. Kule kwenye meza hakuna umeme, hivyo ikizima kijana hupiga mluzi, nami huteremsha kapu kwa kamba. Betri hupanda, inakula uniti zangu za LUKU, hushuka. "Mwalimu, Mungu akuweke," huniambia, na mwisho wa mwezi hunitumia pea tatu ndani ya kapu. Nimejaribu kulipa buku mbili, amekataa. Ndiyo mara pekee bei yake imebadilika.

Jumamosi iliyopita betri ilikuwa kwangu inachajiwa pale gari la matangazo liliposimama kwenye kona. Jengo jipya! Ni lile lililoota mbele yetu na kuziba paa za soko la Kariakoo alilolisanifu Beda Amuli, zile zilizokaa kama miavuli ya zege, ambazo kipeperushi changu kiliziita "mandhari ya kudumu". Mwenye jengo ni yuleyule. "Lifti mbili! Maegesho! Hati mkononi!" Chini, kijana mmoja na mkewe mjamzito walisimama, wakainua shingo, wakaanza kuhesabu ghorofa kwa vidole.

Kapu niliona litachelewa. Niliikumbatia betri kama mtoto mchanga nikazishuka ngazi zangu zote 108, mzee mzima, kandambili moja ikibaki ghorofa ya nne. Kijana akaichomeka bila kuuliza, akafungua sauti mpaka mwisho.