Mliacha Wanane: Barua ya Wazi ya Dalali wa Ng'ombe

Kwa Katibu Mkuu,
Wizara ya Mambo ya Nje,
Kampala, Uganda.

YAH: MAOMBI YA KUFUNDISHWA BIASHARA

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni dalali wa ng'ombe hapa Mutukula, upande wa Tanzania. Nakuandikia Kiswahili kwa makusudi. Julai 2022 baraza lenu la mawaziri liliidhinisha lugha hii iwe rasmi Uganda, na lugha rasmi isiyopata barua huota kutu. Nawapa ya kuanzia.

Nimekaa mnadani miaka thelathini. Nimeuza mitamba, nimeuza madume, nimeuza vikongwe visivyo na jino, na siku moja nilimuuza ng'ombe kipofu kwa mtu aliyekuwa na haraka. Nikadhani nayajua yote. Kisha nikasimuliwa habari za mnada wenu na visiwa vya Trinidad na Tobago, nikajiona bado mchunga mbuzi.

Barua ya wazi hupita mikono mingi kabla ya kufika, kwa hiyo niwakumbushe watakaoisoma njiani. Mwaka 2014 wizara yako, ile ya mabalozi na itifaki, ilitangaza nafasi za kazi za watumishi wa afya. Hazikuwa za kwenu Gulu wala Moroto. Zilikuwa za Trinidad na Tobago, nchi ya visiwa huko Karibi yenye watu wapatao milioni 1.3, yenye mafuta na gesi yake, na yenye madaktari wengi kuliko Uganda ukilinganisha na idadi ya watu. Walitakiwa watumishi zaidi ya 200. Magazeti yaliponukuu orodha, ikaonekana ina mabingwa 20 wa radiolojia kati ya 28 waliokuwepo nchini, na mabingwa wa magonjwa ya akili 4 kati ya 11.

Ishirini kati ya ishirini na wanane! Mheshimiwa, kwetu mfugaji mwenye ng'ombe 28 akileta 20 mnadani kwa siku moja, hatumuulizi bei. Tunamuuliza kafiwa na nani. Ninyi hamkufiwa, hamkuwa mnahama nchi, wala hamkuwa na deni la mahari. Mliuza tu. Swali langu la kwanza ni la kitaalamu: wale wanane mliwaacha kwa nini? Mbegu? Au lori lilijaa?

Hesabu ya wale wa magonjwa ya akili ndiyo iliyonivua kofia kabisa. Sensa yenu ya 2014 iliwahesabu watu milioni 34.6. Wakiondoka wanne, wanabaki saba, kila mmoja na watu karibu milioni tano wa kuwasikiliza. Nikaona kweli wizara imepiga hesabu za mbali: Mganda atakayechanganyikiwa kwa habari hizi hatakuwa na pa kwenda kuelezea.

Mwanzoni nilishangaa kwa nini madaktari wanashughulikiwa na Mambo ya Nje badala ya Wizara ya Afya. Mwaka 2016 nikaelewa. Mashine pekee ya tiba ya mionzi pale hospitali ya Mulago iliharibika isitengenezeke, na serikali ikatangaza kwamba baadhi ya wagonjwa wa saratani watatibiwa Nairobi. Basi: mabingwa waende Karibi, wagonjwa waende Nairobi. Afya yote iko nje, na mambo ya nje yana wizara yake.

Sasa tuje kwenye bei, maana dalali asiyeuliza bei ni mpita njia. Tulielezwa kwamba Trinidad ni wazoefu wa mafuta na gesi, kwamba wanaisaidia Uganda kwa utaalamu huo, na kwamba kuwapelekea madaktari kutaimarisha uhusiano mwema uliopo. Mafuta yenu yaligunduliwa kando ya Ziwa Albert mwaka 2006, na mpango huu ulipotangazwa hapakuwa na pipa hata moja lililouzwa. Maana yake mlikuwa mnamtoa ng'ombe anayekamuliwa leo kwa maziwa ya ng'ombe aliye bado tumboni mwa ardhi. Mimi nimelipwa taslimu, nimelipwa mbuzi, nimelipwa kwa hundi iliyokataliwa benki. Kwa uhusiano mwema sijawahi kulipwa. Naomba mnifundishe unapimwa kwa kilo au kwa debe, na unahifadhiwa wapi usioze.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ninyi mmeuboresha msemo: ya tatu mpe daktari, tena umpelekee kwao.

Lakini kuna jambo moja katika mnada wenu ambalo mimi nikilifanya nalala mahabusu. Mwenye mali hakuwepo. Hapa kwetu sishiki kamba ya ng'ombe mpaka mwenyewe asimame pembeni, au niwe na barua ya mtendaji wa kijiji. Sasa, bingwa wa radiolojia ni mali ya jasho la nani? Hukaa chuoni miaka mitano, mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, kisha miaka mitatu ya ubingwa. Ndama wangu hukomaa kwa miaka mitatu. Huyu wenu ni tisa. Aliyemlisha muda wote huo ni mama muuza ndizi wa Masaka, anayelipa kodi kila anaponunua sabuni. Ni mzee aliyelazwa Mulago akavua shati mbele ya wanafunzi kumi ili wajifunze kusikiliza pafu bovu linavyolia. Yule mzee alitoa mwili wake uwe kitabu. Siku ya mnada hakuitwa hata kuonyeshwa bei.

Taasisi moja ya utafiti wa sera hapo Kampala ilijaribu kumwita. Ikaenda mahakamani kuupinga mpango. Ubelgiji nayo ikasitisha msaada wake kwa sekta yenu ya afya. Safari ikafika mahakamani na kwenye magazeti ya dunia kabla ya kufika uwanja wa ndege.

Mtanishtaki kwamba nawafananisha madaktari na ng'ombe. Sithubutu. Ng'ombe ana makaratasi. Ng'ombe mmoja akitaka kuvuka mpaka huu anahitaji kibali, uthibitisho wa afya kutoka kwa daktari wa mifugo, na muhuri. Kukiwa na ugonjwa, karantini. Kwa daktari wa binadamu kuna Kanuni za Shirika la Afya Duniani za Mei 2010 kuhusu kuajiri watumishi wa afya kutoka nchi nyingine. Zinasihi nchi zisiende kuwasaka watumishi kule ambako uhaba ni mkubwa. Zinasihi, kwa sababu ni za hiari. Na nadhani walioziandika walimfikiria zaidi mnunuzi anayeruka ukuta usiku. Hawakumfikiria mwenye boma anayemsubiri mlangoni na taa, akimsaidia kufunga mizigo.

Najua jibu lenu. Mtasema: hawa watu wanaondoka hata tusipowapeleka, tena mmoja mmoja, bila mkataba wala wa kuwatetea. Wengine hawana ajira. Afadhali waende kwa utaratibu.

Hapa, Mheshimiwa, naweka fimbo chini, kwa sababu jibu hilo lina ukweli. Daktari anayesubiri ajira mwaka wa pili, au anayeshona kidonda kwa tochi ya simu, hana sababu ya kumwomba mtu radhi akipata viza. Ana wazazi, ana watoto, ana haki ya kulala akijua mshahara utaingia. Mwaka 2023 wahitimu wenu wa udaktari waliandamana Kampala wakidai jambo dogo sana: kupangiwa vituo vya mafunzo kwa vitendo. Waliomba kufanya kazi. Wakati huohuo kuna vituo vya afya visivyo na daktari.

Hilo ndilo ambalo miaka thelathini ya mnada haijanifundisha kulielewa. Ng'ombe amefungwa zizini, kiwele kimejaa mpaka kinauma. Watoto wanalia njaa nje ya zizi. Mwenye boma anasema hana hela ya ndoo. Na ndoo hiyo iliahidiwa zamani: Aprili 2001, wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja wakaweka nia ya kuitengea afya asilimia 15 ya bajeti zao. Badala ya ndoo, ninyi mkatafuta mnunuzi wa ng'ombe, kisha mkawaambia watoto kwamba ng'ombe mwenyewe alitaka kuhama.

Daktari akiamua kuondoka, huo ni uhuru wake, na hata mimi nitamsindikiza mpaka kwenye basi. Serikali ikimtangaza, ikamsaili, ikamkabidhi kwa mafungu kama zawadi ya urafiki, hiyo ni sera, na sera ina mtu wa kuulizwa. Msijifiche nyuma ya koti lake jeupe.

Wala sisi majirani hatuna meno ya kuwachekea. Machi 2017, baada ya madaktari wa Kenya kugoma siku 100, Rais wetu wa wakati huo, John Magufuli, alikubali kuwapa Wakenya madaktari 500. Tangazo likatoka, vijana wakaomba kwa wingi. Madaktari wa Kenya wakaenda mahakamani, mahakama ikazuia, na serikali yetu ikawaajiri hapa nyumbani 258 kati ya waliokuwa wameomba. Ndipo tulipogundua kumbe tulikuwa nao. Ilibidi Wakenya wagome ili Watanzania wapate madaktari wao wenyewe.

Kenya nayo, mwaka 2018, ikaleta madaktari 100 kutoka Cuba huku madaktari wake wakitafuta kazi. Julai 2021 ikatia saini na Uingereza mkataba wa kupeleka huko wauguzi. Mlango wa mbele unapokea, wa nyuma unatoa, na mgonjwa amekaa katikati anapigwa na upepo. Zamani tulisema mganga hajigangi. Afrika Mashariki sasa mganga anafanya foleni ya pasipoti.

Na Trinidad siwalaani. Wao pia ni wadogo mnadani. Wana chuo chao cha udaktari, wanasomesha, kisha Marekani, Kanada na Uingereza zinawapandia dau. Bei hupanda kuelekea kaskazini na mali huifuata. Aliyezidiwa juu hushuka chini kutafuta wa kumzidi yeye. Marekani inachukua Trinidad. Trinidad inachukua Uganda. Nimekaa na kalamu nikijaribu kuandika mstari unaofuata: Uganda inachukua wapi? Sikuona jina. Niliona kituo cha afya kijijini, kina jengo, kina kitanda, kina kufuli. Kwetu muuzaji akishauza ng'ombe hurudi nyumbani na kamba yake begani. Kile kituo ndiyo kamba.

Ndiyo maana, pamoja na maombi yangu ya kufundishwa, nina ushauri mmoja wa dalali mzee, na siutozi kamisheni. Mnada mwingine mkiuandaa, msiufanyie ofisini kwenu kwenye zulia. Ufanyieni Mulago, pale wagonjwa wanaposubiri, saa nne asubuhi foleni ikiwa imefika nje. Msimamisheni yule bingwa wa radiolojia mbele, mshike kipaza sauti, mtangaze sifa zake, miaka yake tisa, vyeti vyake. Kisha mwulize: nani anamhitaji huyu? Mtakaposhindwa kuhesabu mikono, hapo ndipo mpige simu Port of Spain, kwao Trinidad, kuwauliza wao wanatoa ngapi. Na mkipatwa na aibu kabla ya kuuliza, basi mmekwisha kufundishika kuliko mimi.

Nasubiri majibu. Kama mtaona taabu kuandika Kiswahili, nitumieni tu hata kipande cha karatasi chenye namba: ile iliyobaki.

Wako katika ujenzi wa taifa, lolote litakalofika bei,

Dalali wa Ng'ombe,
Mutukula.

Nakala:
Wizara ya Afya, Port of Spain: kwa taarifa.
Wizara ya Afya, Kampala: iwapo itaulizwa.
Mabingwa wanane wa radiolojia: kama bado wapo.
Mama muuza ndizi, Masaka: mwenye mali.