Sifa za Kasoro Inayojulikana

Miongoni mwa viumbe vinavyotukanwa bila haki katika zama hizi za kompyuta, hakuna kilichodhulumiwa kuliko kasoro inayojulikana, yaani hitilafu ambayo watengenezaji wa mfumo endeshi, ile programu kuu inayoifanya kompyuta iwake na kutii amri, wameiona kwa macho yao, wameikiri kwa maandishi, kisha wakaiachia itoke pamoja na toleo la majaribio. Toleo hilo hupewa watu waliojiandikisha kwa hiari kuutumia mfumo kabla haujaiva, kama wafanyavyo wafuasi wa mpango wa Windows Insider ulioanzishwa na Microsoft mwaka 2014, na ambao hawalipwi chochote isipokuwa heshima ya kuharibikiwa mapema kuliko jirani zao.

Waraka unaoambatana na toleo la namna hiyo huanza na mabadiliko, ambayo husomeka kama tangazo la biashara kwa kuwa kila kitu kimeboreshwa, na msomaji makini hulipita upesi ili afike kwenye orodha ya kasoro, kwa maana huko ndiko uliko uungwana. Mficha uchi hazai. Mnamo Juni 2025, kwa mfano, waliopokea toleo moja la majaribio la Windows 11 walitaarifiwa kwamba kompyuta ikiwashwa ingetoa mlio wa Windows Vista, mfumo uliotolewa kwa umma Januari 2007 na ambao wengi walidhani wamekwisha kuuzika. Waraka huo uliisifu kasoro yenyewe kuwa ni kumbukumbu tamu ya zamani, na ukaahidi kuiondoa. Ni fundi gani mwingine awezaye kurudi nyuma miaka 18 kwa bahati mbaya na bado akachekewa?

Hata kifo cha toleo la majaribio kina adabu zake. Tangu mwishoni mwa mwaka 2016, toleo hilo likizimika ghafla, skrini hugeuka kijani badala ya ile buluu iliyokuwa ya matoleo ya kawaida hadi mwaka 2025, ili wahandisi wajue mara moja aliyefariki ni wa ukoo upi. Hati ambayo haikuhifadhiwa hupotea katika rangi zote mbili.

Thamani ya kasoro iliyoandikwa huonekana zaidi pale inapokosekana. Sasisho la Windows 10 lililoanza kusambazwa tarehe 2 Oktoba 2018 lilisimamishwa baada ya siku chache tu, kwa sababu baadhi ya watumiaji waliokuwa wamehamishia folda zao za nyaraka au picha mahali pengine walikuta folda za zamani zimefutwa pamoja na faili zilizobaki ndani. Wajaribuji kadhaa walikuwa wamekwisha kuuripoti upotevu huo, lakini taarifa zao zilipata kura chache zikazama, na sasisho likarejea Novemba 13. Kasoro hiyo ilijulikana kwa walioumia, ila haikupandishwa cheo.

Anayetamani kuonja fadhila hizi na anakili kwanza faili zake kwenye diski ya nje, kwa kuwa mtu aliyejiunga na ngazi ya Canary, inayopokea matoleo machanga kuliko yote, kwa kawaida hawezi kutoka humo bila kufuta kila kitu na kuusimika mfumo upya.