Diwani na Duka la Nne

Nchini Uingereza, Sheria ya Kamari ya mwaka 2005 iliyakabidhi mabaraza ya mitaa kazi ya kutoa leseni ya jengo, yaani kibali cha kuendeshea kamari mahali maalumu, kisha kifungu cha 153 kikayaagiza yalenge kuruhusu, ilimradi uhalifu uzuiwe, mchezo uwe wa haki, na watoto na wanyonge wakingwe. Diwani hana ruhusa hata ya kuzingatia kama mtaa wenye maduka matatu ya kubeti unahitaji la nne, swali ambalo muuza maandazi yeyote hujiuliza kabla ya kuwasha jiko. Kwa kuwa kila duka lilipewa kikomo cha mashine nne za kamari, ambazo kila moja iliweza kumeza pauni 100 kila baada ya sekunde 20 mpaka dau la juu lilipopunguzwa kuwa pauni 2 mwezi Aprili 2019, kampuni ziligundua kwamba dawa ya kikomo ni kufungua duka jingine hatua chache mbele. Baraza nalo halikuachwa mikono mitupu: kila baada ya miaka mitatu hulazimika kuchapisha taarifa ya misingi, ambamo hueleza, kwa lugha nzito ya kisheria, jinsi litakavyoruhusu.