Ngamia Mzima kwa Masikio Mawili

Ukoo wetu hauna siri. Una kundi la WhatsApp. Humo ndimo zinamotangazwa ndoa, mazishi, ngamia waliopotea na, tangu mwezi uliopita, hedseti ya rubani. Binti wa dada yangu amepata leseni ya kurusha ndege binafsi pale Wilson, na sasa ukoo wote kuanzia Garissa hadi Minneapolis unatakiwa kutoa qaaraan, yaani mchango wa ukoo, ili anunue kitu cha kuvaa masikioni. Mimi nimechaguliwa kuwa mweka hazina. Nilichaguliwa wakati simu yangu haina chaji, na ndivyo viongozi wengi wanavyopatikana.

Binti kurusha ndege sina neno. Mwaka 1929 mwanamke aitwaye Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya ndege Nairobi, na uwanja tunaouita Wilson umebeba jina lake tangu 1962. Kwa hiyo mwenye kusema ndege si za wanawake ajibishane na kibao cha lango. Neno langu ni bei.

Alinitumia picha. "Abti, hii ndiyo nzuri." Ilikuwa Bose A30. Nikatazama bei: zaidi ya dola 1,200. Nikaigeuza kuwa shilingi, ikavuka laki moja na nusu, na hapo hujalipa usafirishaji wala ushuru. Nikaigeuza tena kwa fedha inayoeleweka huku kwetu, nikapata ngamia wa maziwa. Sasa tuseme ukweli. Ngamia anazaa. Ngamia anakamuliwa. Ngamia akizeeka analiwa. Hedseti ikizeeka inadai betri.

"Abti," nikamwambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana vivyo hivyo, "masikio si Mola alikupa bure?"

"Ndiyo, Abti. Na hayana spea."

Hawa watoto tuliwasomesha wenyewe.

Nikaona kabla sijalipa nijue ninalipia nini. Ndani ya ndege ndogo ya injini moja, kama hiyo Cessna 172 anayoikodi kwa saa, kelele hucheza kati ya desibeli 90 na 100. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini zinakataza mfanyakazi kukaa kwenye desibeli zaidi ya 90 kwa saa nane katika siku moja. Wamarekani wa NIOSH, wanaoshughulikia afya ya wafanyakazi, ni wakali zaidi: wanaanzia desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikipanda 3 muda unakatwa nusu. Ukifika 97 umebakiwa na nusu saa. Ukifika 100, robo saa. Kutoka Wilson hadi Garissa kwa 172 ni zaidi ya saa moja na nusu. Yaani akiruka masikio wazi kwenye hizo 97, fungu lake la kelele la siku nzima litakuwa limeisha kabla hajaiona Mwingi, na mto Tana bado uko mbele.

Ushahidi ninao jirani. Mtaani kwetu yuko rubani mstaafu aliyebeba miraa miaka na miaka kutoka Wilson hadi Mandera na ng'ambo ya mpaka, enzi ambazo kinga ya masikio, kwa maneno yake, ilikuwa pamba na dua. Kelele za muda mrefu huanza kuharibu usikivu kwenye sauti nyembamba, karibu na hezi 4,000, pale zinapokaa konsonanti kama s na f. Kwa hiyo mzee anasikia kwamba unaongea, ila hasikii unasema nini. Somalia ilipofunga soko la miraa Machi 2020, alipita akiwapongeza wafanyabiashara kwa kufunguliwa. Lilipofunguliwa kweli, Julai 2022, akaenda kuwapa pole. Mkewe akimwita chai humwita mara ya kwanza kwa heshima, ya pili kwa jina, na ya tatu kwa kumtuma mtoto amvute kanzu.

Na leseni yenyewe inataka masikio. Kanuni za kimataifa za afya ya marubani zina kipimo ambacho unampa daktari mgongo, naye akiwa mita 2 nyuma yako anaongea sauti ya kawaida, nawe usikie, ndani ya chumba tulivu. Chumba tulivu! Ningependa kumwona daktari huyo akikitafuta Garissa, katikati ya jenereta ya duka la nguo, tuktuk zinazogombea abiria na yule kijana anayetangaza ofa ya magodoro kwa spika tangu asubuhi.

Basi nikalifungulia kundi mjadala, jambo ambalo mweka hazina mwenye akili halifanyi. Binamu wa Eastleigh akawahi: zipo za kuzima kelele pale kwao, shilingi 3,500, na ukinunua mbili unapewa kasha. Mpwa wangu akaeleza kwa adabu kwamba hizo ni za abiria anayetaka kusikiliza muziki. Ya rubani ina maiki inayokaa mdomoni na plagi mbili zisizolingana unene, moja ya kusikia na moja ya kusema, zinazoingia kwenye matundu ya ndege. Binamu akajibu kwamba fundi wake anaweza kuchonga plagi. Nilimshukuru kwa niaba ya abiria wote wa siku zijazo. Binamu wa Minneapolis naye akaahidi kuibeba kwenye mkoba akija likizo, kisha akaanza kututumia bei, kila siku aina mpya na ghali kuliko ya jana, bila kusema anachangia ngapi.

Jinsi zinavyofanya kazi nimeelewa, na sitakataa, ni ujanja mzuri. Ndani ya kikombe cha sikio kuna maiki ndogo inayonasa mngurumo uliopenya. Spika inatoa sauti ile ile iliyopinduliwa, wimbi la kelele likipanda lake linashuka, na mawili yakikutana yanamalizana. Mjerumani Paul Lueg alipata hataza ya wazo hili Marekani mwaka 1936. Mwaka 1978 Amar Bose alikuwa kwenye ndege kutoka Zurich, akapewa hedifoni za abiria, hakupendezwa na alichosikia, akaanza kupiga hesabu papo hapo kwenye kiti. Mwaka 1986 Dick Rutan na Jeana Yeager walizunguka dunia kwa ndege yao Voyager, siku tisa bila kutua, wakiwa na hedseti za Bose za majaribio, na 1989 zikaingia sokoni. Miaka kumi na mmoja ya kazi kwa sababu mtu mmoja hakufurahia muziki wa safarini. Mimi nimesafiri basi la Nairobi na muziki wa dereva maisha yangu yote na sijabuni hata kizibo.

Ila muuzaji hakuambii yote. Ujanja huo wa umeme unamudu mngurumo mzito tu. Pangaboi la mapanga mawili likizunguka mara 2,400 kwa dakika linakupiga sikio mara 80 kwa sekunde, na hapo ndipo ufundi unapolipa. Upepo na milio myembamba vinazuiwa na kikombe chenyewe na sponji lake, kazi ya zamani isiyohitaji betri. Kikombe kisipokaa sawasawa kwenye ngozi, umenunua ngamia ukamwachia lango wazi.

Na hapa ndipo penye swali ambalo sikuliona katika tangazo hata moja: mpwa wangu anavaa hijabu. Kila picha ya matangazo ni bwana mwenye nywele fupi na miwani ya jua, na huyo bwana mwenyewe ana tatizo, kwa sababu mikono ya miwani inainua sponji na kuacha upenyo. Kitambaa kilichokunjwa mara mbili juu ya sikio ni upenyo mkubwa zaidi. Binti amejaribu kwa hedseti za kuazima: kitambaa kimoja chepesi cha kuvutika, pini ikae mbali na sikio, mkunjo wote upelekwe kisogoni. Inafaa. Zipo pia za kuchomeka ndani ya tundu la sikio, kama zile za Clarity Aloft, nyepesi, hazina betri, nazo haziulizi umevaa nini nje. Shangazi zake walizipenda hizo mara moja, mpaka walipoambiwa bei, wakarudi kwenye dua.

Halafu lipo joto. Wilson iko zaidi ya futi 5,000 juu ya bahari, kwa hiyo rubani anaondoka na baridi ya asubuhi. Huku kwetu anashukia mahali ambapo kipimajoto kikivuka 35 hakuna anayeinua macho. Ndege haina kiyoyozi. Sponji la ngozi bandia linamlowesha mtu mashavu, na hedseti za kuazima zimebeba jasho la wanafunzi wengi pamoja na kumbukumbu ya kifungua kinywa chao kwenye maiki. Kwa hili peke yake ninakubali apate ya kwake.

Nisichokubali ni Bluetooth. Hedseti hizi za bei kubwa zinaunganishwa na simu, rubani apokee mazungumzo humo humo masikioni. Hebu fikiria. Ukoo unachanga laki moja na nusu kumwondolea binti kelele, halafu tunatoboa tundu ili mashangazi waingie. Atakuwa juu ya Bura anatangaza mahali alipo kwenye redio, ajulishe wenzake angani na aombe mbuzi watolewe uwanjani, huku eeddo, shangazi yake, anamuuliza amekula nini na yule kijana wa Wajir amempa jibu gani.

Kwa mamlaka niliyopewa bila idhini yangu, nimeamua hivi. Atafutiwe David Clark H10-13.4 iliyotumika, ile ya kijani ya kutoka Worcester, Massachusetts, ambayo marubani wa Wilson wanaijua kama wanavyojua njia ya kantini. Haina betri. Mpya ni karibu theluthi ya ile Bose, na iliyotumika ni chini ya hapo. Maabara wameipa upunguzaji wa desibeli 23. Sponji zake, maiki na waya vyote vinauzwa kimoja kimoja, kwa hiyo haifi, inarithiwa. Uzito wake unakaribia nusu kilo na inabana kichwa, hilo kweli, lakini leseni ni mpya na shingo ni ya ujana. Chini ya hijabu aweke vizibo vya sponji vya masikio, vile vya bei ya soda, kisha apandishe sauti ya redio. Marubani wengi hufanya hivyo, na kinga hiyo ya juu na chini inashinda vitu vingi vya kifahari.

Akianza kuruka saa nyingi kila mwezi, tutazungumza habari ya zile za umeme za bei ya kati, karibu nusu ya bei ya Bose. Hata hizo, betri mbili zikiisha angani, redio inaendelea na kikombe kinabaki kikombe. Ila asije na zile za bandia za mtaani halafu alaumu injini.

Mpwa wangu amekubali, kwa kule kukubali kwa mtu anayejua binamu wa Minneapolis atalegea kabla ya Idi.

Kwa hiyo, msomaji, ikiwa wewe ni rubani au ulirithi kabati la rubani, na humo kuna ya kijani imelala, niandikie. Iwe na plagi mbili za ndege za kawaida, si ile moja ya helikopta. Waya usiwe umechanika shingoni, na maiki isimame unapoiweka. Sponji zikiwa zimekauka usijali, tutanunua nyingine. Njoo nayo Garissa, bei tutapatana kwa vidole chini ya shali kama wanaume wa soko la mifugo, na fedha utazipata kwa M-Pesa kabla hujamaliza chai.