Mimi na Tumbili wa Gitaru

Tarehe 7 Juni 2016, tumbili mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kule mto Tana, akaangukia transfoma. Kituo kikapoteza zaidi ya megawati 180, mitambo mingine ikalemewa, na Kenya nzima ikaingia gizani. KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, ilitoa taarifa rasmi kuhusu tumbili huyo. Tulicheka wiki nzima. Mimi nilicheka kuliko wengine, kwa kuwa wakati huo sikuwa nimewahi kupanda paa lolote.

Nakaa Gataka, kaunti ya Kajiado, mahali ambapo vumbi huingia nyumbani bila kupiga hodi. Kuanzia Januari hadi masika yaje, kila gari linalopita barabara ya ndani huacha wingu ambalo hutua polepole juu ya nguo kwenye kamba, juu ya majani ya sukuma na, tangu mwaka juzi, juu ya paneli zangu sita za sola. Nilizinunua baada ya kuchoshwa na tokeni za stima, ambazo zina tabia ya kuisha Jumapili usiku, shati la kazi likiwa chini ya pasi. Siku fundi alipowasha mitambo nilijiona Waziri wa Kawi. Nilizunguka nyumba nikiwasha taa zote, saa sita mchana.

Kufikia Februari uwaziri ulikuwa umeingia doa. Betri iliyokuwa ikitufikisha alfajiri sasa ilikata roho saa nne usiku, mpira ukiwa kipindi cha pili. Nikampigia shemeji wangu wa Kitengela, ambaye ana sola miaka mitano na hivyo amejipa uprofesa. Kwao vumbi lina ukoo mwingine. Upepo ukivuma kutoka Athi River, kwenye viwanda vya saruji, paneli hupakwa unga wa kijivu, umande wa usiku unaukanda, jua la asubuhi linamalizia. Yaani paneli zake hupigwa plasta bure.

"Shemeji," akaniambia, "panda uzisugue. Sabuni ya unga, maji mengi, mkono wa mwanamume. Utamlipa fundi kwa kuosha vioo?"

Hapo penye pesa ndipo aliponimaliza.

Nilichagua Jumamosi, saa saba mchana. Hoja yangu ilikuwa ya kisayansi: jua likiwaka vizuri, uchafu nao utaonekana vizuri. Nilivaa kaptura na patipati. Nilibeba sabuni ya unga, ile waya ya kusugulia sufuria, na kamba ya kupandishia ndoo. Ngazi ilikuwa ile waliyoiacha wajenzi, ya vipande vya mbao na misumari inayochungulia. Mke wangu alikuwa chumba cha nyuma na inkubeta yake, mayai 48 ya kienyeji yakiwa yamefika siku ya 19 kati ya zile 21. Akatoka, akanikuta nimefika katikati ya ngazi.

"Baba, si ungemwita fundi?"

"Ni vioo tu, mama."

"Umezima?"

"Nizime nini? Jua?"

Lilikuwa jibu tamu. Nilipanda nikilirudia moyoni.

Mabati ya saa saba ni kikaango. Patipati zilianza kulainika, nami nikawa natembea kama mtu anayecheza ngoma ya kabila asilolijua. Vilima vya Ngong vilionekana vyote, lakini sikuwa na nafasi ya kuvitazama. Paneli zilikuwa na vumbi kama unga wa chapati ubaoni, nyayo za paka zikikatiza katikati, na paneli ya tatu ilikuwa imegeuzwa choo. Mwenye choo namjua. Ni kwarara, yule ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda ambaye hupita alfajiri akipiga kelele, haa-haa-haa, kama aliyesikia mambo yako kwa jirani.

Nikamwaga ndoo ya kwanza. Paneli ikasema tsssss, kama sukuma ikiingia kwenye mafuta, kisha ndani yake kitu kikalia, tk. Nilidhani ni shukrani. Nikamwaga ya pili, nikanyunyiza sabuni, nikaingia na waya. Povu likapanda, likashuka kwenye mabati, likapita chini ya patipati zangu. Paneli za juu zilikuwa mbali kidogo, kwa hiyo nikapiga magoti juu ya zile za chini ili nizifikie.

Hapo ndipo mbuzi wa jirani walipopita, kama wapitavyo kila mchana kurudi kwenye maji. Mmoja aliwashwa bega, na mbuzi akiwashwa hachagui pa kujikunia. Alijikuna kwenye ngazi yangu kwa dakika nzima, kwa raha zake. Ngazi ikainama, ikashuka taratibu kama mzee anayetafuta kiti, ikalala chini. Mbuzi akaniangalia. Akaendelea na safari.

Sikuwa nimemaliza kumlaani nikasikia sebuleni, tii, tii, tii. Halafu kimya. Halafu sauti ya mke wangu:

"Inkubeta imezima!"

Natumai msomaji ametambua kwamba hakuuliza kama niko hai.

Ndani ya robo saa palikuwa na mkutano wa hadhara. Walikuja vijana wawili wa bodaboda, mama mboga na beseni lake, na watoto wa ploti nzima.

"Mzee, netiweki iko huko juu?" mmoja wa boda akauliza.

"Muacheni, anaosha," mama mboga akanitetea. Kisha akaongeza, "Lakini mbona anaosha na sabuni ya nguo?"

Nikamkumbuka yule wa Gitaru. Alipanda paa, akazima nchi. Mimi nilipanda paa, nikazima mayai 48. Yeye alitoka salama, na KWS, shirika la wanyamapori, wakamchukua wakamtunza. Mimi nilikuwa nimeketi juu ya mabati yanayochoma, goti linavuja damu, povu linakauka, na hakuna shirika lolote la serikali lililokuwa njiani.

Aliyefika ni fundi. Mke wangu ndiye aliyempigia, tena mara ya kwanza tu kengele ilipolia. Nilitarajia asimamishe ngazi kwanza. Hakufanya hivyo. Aliingia ndani, akazima inveta, kisha akazima swichi kubwa inayokata waya za paneli, akavaa viatu vya raba, akafunga mkanda wa usalama, ndipo akaleta ngazi yake ya aluminiamu. Alipanda akikanyaga kwenye safu za misumari tu, kwa kuwa chini yake ndipo palipo na mbao. Mimi nilikuwa nimetembea katikati ya mabati kama mtu aliye barazani.

"Bosi, ulizima kabla ya kupanda?"

Sikuthubutu kurudia lile jibu langu.

"Hata ukizima," akasema, "hizi zenyewe hazizimiki. Maadamu jua liko, ziko kazini." Yaani utani wangu ulikuwa somo la kwanza la kazi hiyo, nami niliusema nikicheka. Akanieleza kwamba paneli zangu zimefungwa kwa mfuatano, volti ya moja ikijumlishwa na ya nyingine hadi karibu 300, na soketi ya nyumbani ni 240 tu. Tena stima ya kawaida hugeuza mwelekeo mara kwa mara, hivyo cheche hupata nafasi ya kukatika. Ya sola inaelekea upande mmoja bila kupumua, na cheche yake ikishawaka haina haraka ya kuzimika.

Akainua kiungo cha waya kilichokuwa kimelala kwenye mabati, kikidondosha maji ya sabuni. "Uliogesha hii. Inveta ikaona umeme unavuja, ikajifunga. Ishukuru."

Nikaishukuru. Kimoyomoyo, maana mkutano ulikuwa ungali pale chini.

Akaendelea kukagua, na kila alipoinama nilizidi kuwa mfupi. Mchana kioo cha paneli kinaweza kupita nyuzi joto 60, ukikimwagia maji ya baridi kinashtuka na kinaweza kupasuka. Waya ya sufuria hukwaruza. Sabuni ya unga huacha utando, na utando hukamata vumbi jipya upesi kuliko kioo kikavu. Maji yenyewe niliyachota kisimani, na visima vingi vya Kajiado vina maji mazito ya chumvichumvi. Yakikauka huacha madoa meupe kama yale ya ndani ya birika. Kuhusu kinyesi cha kwarara, alinipa mfano ambao sitausahau. Paneli zilizofungwa kwa mfuatano ni kama vibarua waliopanga mstari wakipokezana ndoo za zege. Mmoja akizubaa, mstari wote unakwenda kwa mwendo wake. Doa moja tu, na kipande kilichofunikwa kinaweza hata kupata moto.

Alipofika kwenye paneli za chini akasimama. Palikuwa na alama mbili za mviringo kwenye povu lililokauka.

"Hapa ulipiga magoti?"

"Kidogo."

"Ulikuwa unaziombea?"

Uzito wa mtu, akasema, hutia nyufa ndani ya seli, nyufa ambazo macho hayazioni, lakini betri huziona. Kisha akanionyesha kadi yake. Mafundi wa sola hupewa leseni kwa madaraja, T1, T2 na T3, na kadi ilitaja daraja lake. Sikuuliza tumbili huwekwa daraja gani.

Mayai, kwa wanaosubiri habari zake, yalivikwa blanketi mbili na kuwekewa chupa za maji ya moto hadi inveta ilipokubali kuamka jioni, kiungo kikiwa kimekauka. Jumatatu na Jumanne wakatoka vifaranga 31. Mmoja alichelewa hadi Jumatano, akatoka akiyumba na kuanguka chali. Watoto walimwita Gitaru. Nilijua walilitoa wapi jina hilo, na mke wangu alipoulizwa alikuwa anachambua mchele kwa makini mno.

Siku hizi naosha saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kioo kikiwa baridi na umande umeshalainisha vumbi. Nimenunua Rongai brashi laini yenye mpini mrefu unaovutwa kama antena, na natumia maji ya mvua yaliyobaki kwenye tangi, bila sabuni. Nasimama chini kabisa, kwenye udongo, nimevaa viatu. Paneli mbili za juu kabisa brashi haizifikii; hizo ni za fundi, na namlipa bila kumpigia shemeji.

Nakumbuka mara ya kwanza nilipoziosha kwa brashi hiyo. Siku mbili baadaye masika yakaanza, yakanyesha usiku kucha, yakafanya kazi yote bure, na zile mbili za juu pia. Asubuhi nikatoka na kikombe cha chai kutazama. Zilikuwa zinang'aa zote sita, matone yakitelemka kwenye vioo. Juu ya paneli ya tatu alikuwa amesimama kwarara. Akanitazama kwa jicho moja, haa-haa-haa, akageuka, akainua mkia.